Hajulikani, kwa Herufi Kubwa

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne moja asubuhi kwenye kliniki ya watoto, mbele ya wanawake kama ishirini na televisheni moja. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la mapokezi, mtoto mgongoni, namjibu dada wa kompyuta kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Nyuma yangu benchi likanyamaza. Benchi la kliniki halinyamazi hivi hivi, hata watoto wakichomwa sindano linaongea. Nikageuka. Ukutani, kwenye kile kioo kikubwa kinachotakiwa kuonyesha namba ya anayefuata, kulikuwa na jina langu, umri wangu na mtaa ninaokaa. Chini yake:

HALI YA NDOA: HAJAOLEWA. BABA WA MTOTO: HAJULIKANI.

Pembeni ya mapokezi kuna mlango mdogo umeandikwa kwamba wasiohusika hawaruhusiwi kuingia. Nikaingia. Nilihusika.

Ili mtu anielewe, lazima kwanza niseme habari ya lile benchi.

Mimi nimepanga chumba kimoja Igogo, juu kwenye mawe. Nyumba ina vyumba viwili na cha pili mwenye nyumba amekifunga na vitu vyake. Kazi yangu ni kwenye duka la steshenari huko Mkuyuni: nachapa barua, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi na ratiba za misiba. Bosi anapita mara moja kwa wiki. Wateja wanakuja, wanasema wanachotaka, wanaondoka. Wazazi wangu wako Bukoba. Baba ni mwalimu mstaafu, na tangu tumbo lionekane amenipigia mara moja tu, akasema, "Tulikusomesha mpaka kidato cha nne ili iweje?" Akakata simu kabla sijajibu. Mama anapiga kwa kujificha, anaongea haraka haraka kama mtu anayeunguliwa na mboga.

Baba wa mtoto aliondoka mimba ikiwa ya miezi saba. Alisema anakwenda Magu kumwona mjomba wake habari za mpunga, atarudi Ijumaa. Alivaa shati la bluu nililompigia pasi mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya kliniki, mara moja kwa mwezi, ndiyo siku pekee niliyokaa na wanawake wenzangu tukaongea. Mwezi wa kwanza kabisa mama mmoja wa mapacha, mnene, mcheshi, aliniuliza, "Na mzee wako yuko wapi, mbona unabeba mwenyewe kila kitu?" Nikasema yuko visiwani, anafanya biashara ya dagaa. Lilitoka lenyewe, sikulipanga. Benchi likampenda. Mwezi uliofuata wakauliza, "Bado hajarudi huyo mtu wa visiwani?" Nikasema injini ya boti imekufa. Mwezi mwingine nikampa malaria. Wakampa pole! Bibi mmoja wa Kisukuma, anayemleta mjukuu wake, akasema, "Mwambie akija atuletee dagaa, mwanangu, asije mikono mitupu." Tukacheka wote. Nikapanda mawe kwenda nyumbani nikiwa na kicheko kile, nikakitumia mwezi mzima.

Najua ni uongo. Lakini nilikuwa na mahali pa kwenda ambako mtu ananiuliza habari za kwangu.

Sasa kile kioo. Kilikuwa kimefungwa ukutani kuita namba, na kilifanya kazi vizuri, mpaka mtoto wangu alipofikisha miezi sita. Mwezi ule nilipofika kilikuwa cheusi, na maneno meupe yanatangatanga kusema hakuna mawimbi. Namba zinaitwa kwa kupiga kelele. Dada wa mapokezi akasema kompyuta imejisasisha yenyewe, tangu hapo televisheni haishiki.

Ugonjwa ule naujua. Ulinikamata dukani mwezi mmoja kabla. Dukani tuna vioo viwili: kimoja naangalia mimi, cha pili kimegeuzwa kwa mteja ili asome jina la bibi harusi kabla hatujachapa, asije akanilaumu baadaye. Kompyuta ikajisasisha, kioo cha mteja kikafa. Nikampigia bosi. "Zima, washa." Nikazima, nikawasha. "Zima tena." Nikaona huyu hana msaada. Nikachomoa waya nikapuliza, nikageuza ncha, nikahamishia tundu la pili. Nikaangalia kama kioo chenyewe kinasikiliza tundu nililochomeka au lingine. Bado. Mwisho, kwa kubahatisha, nikashika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, na pembeni yakatokea machaguo manne: kioo cha kompyuta peke yake, vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, kila kioo na chake, au kioo cha pili peke yake. Nikachagua la pili. Kioo kikawaka. Nikapiga makofi, peke yangu pale ndani kama mwehu.

Kosa ni kwamba lile chaguo la pili linamwonyesha mteja kila unachokiona wewe. Nilikuwa na ukurasa wazi nyuma ya kadi. Nilikuwa nimemwandikia yule wa Magu, mstari mmoja, na sijautuma kwa sababu sina pa kuutuma: *Mwanao ameota jino.* Nilipofunga kadi, ukabaki huo. Mteja, baba mmoja wa makamo, akausoma taratibu akasema, "Dada, hiyo si kwenye kadi yangu." Nikasema samahani mzee. Nikabadilisha haraka, nikachagua la tatu, kila kioo na chake. Siwezi kulisahau tena.

Kwa hiyo mwezi ule kliniki nikamwambia dada wa mapokezi, kwa adabu kabisa, "Dada, angalia waya kwanza, halafu shika dirisha na P, uchague kila kioo na chake."

Akanitazama kuanzia kichwani. "We ni fundi?"

"Hapana, niko duka la steshenari."

"Basi kakae. Fundi anakuja."

Fundi alikuja kweli, na akafanya kosa langu lilelile. Mwezi uliofuata kioo kinawaka, ila kinaonyesha kila anachoandika yule dada. Uzito wa watoto wa watu, namba za simu, nani mtoto wake hajamaliza chanjo. Na wa mapokezi wenyewe wakaona. Unajua walifanya nini? Walifunika kwa kanga. Kanga nyekundu, imetundikwa kwa misumari miwili, na maandishi yake yametazama watu: *Siri ya mtungi aijuaye kata.* Nikacheka, hakuna aliyecheka na mimi. Nikarudi dirishani.

"Dada, hii ni vitufe viwili tu."

"Si tumefunika?"

"Mmefunika, ila iko vilevile."

"Mama, we subiri namba yako."

Nikasubiri namba yangu. Hilo najilaumu.

Jumanne yenyewe nilichelewa, nikaenda moja kwa moja dirishani bila hata kusalimia benchi. Ukisimama pale, kioo kiko mgongoni kwako. Sikujua kwamba kuna mtoto alikuwa ametapika mpaka akaloana, na nesi akaivuta ile kanga kumfunika. Sina neno na nesi. Mtoto anaogopa baridi, kanga ilikuwepo.

Dada akasema mfumo mpya unataka taarifa upya, za kila mtu. Akauliza hali ya ndoa. Nikainama mpaka paji la uso likagusa kioo cha dirisha, nikamwambia. Akauliza, "Baba anaitwa nani?"

"Acha wazi."

"Mfumo haukubali wazi. Hauendi mbele."

"Sasa?"

"Kuna jina, kuna amefariki, kuna hajulikani."

"Mimi sijasema hajulikani."

Alikuwa ameshabonyeza. Ndipo benchi liliponyamaza.

Hajulikani! Namjua mpaka namba ya kiatu. Namjua anavyokunja chapati mara nne kabla hajaitia kwenye chai. Namjua anavyokohoa akitaka kusema uongo. Mimi ndiye nisiyejulikana, mimi niliyekaa kwenye benchi lile miezi minane na hakuna anayeujua mlango wangu.

Nikiwa nimeshaingia kwa ule mlango mdogo, nikanyoosha mkono juu ya bega la yule dada, dirisha na P, mshale chini, chini tena, nikabonyeza. Ukutani jina langu likapotea, ikatokea namba kumi na saba. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Umeingia humu kwa ruhusa ya nani?" dada akapiga kelele.

"Na wewe umenibandika ukutani kwa ruhusa ya nani?"

Akaja mlinzi, akasimama tu, hakujua anikamate wapi na mtoto yuko mgongoni. Akaja nesi mkuu, mama mtu mzima. Nikamwamkia, hasira haiondoi shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akasema, "Mama, umegusa mali ya ofisi. Hilo ni tatizo la mfumo, usilichukulie moyoni."

"Mfumo hautundiki kanga," nikamwambia. "Kanga mmetundika nyie. Mlijua."

Akasema kama nina malalamiko kuna sanduku la maoni pale mlangoni. Nikauliza ufunguo wa sanduku anao nani. Wakatazamana.

Nikarudi kwenye benchi, maana mtoto alikuwa bado hajapimwa. Wakasogea kunipa nafasi, wakasogea sana, nafasi ya watu watatu. Bibi wa Kisukuma akasema, "Kalibu ukae, mwanangu," kwa ile sauti ya kwenye msiba. Mama wa mapacha alikuwa anasoma kadi zake za kliniki kama barua mpya. Halafu akashindwa kujizuia, ndivyo alivyo.

"Kwa hiyo wale dagaa…"

Mtu akacheka kwa pua.

"Hawapo," nikasema. "Hawakuwahi kuwepo."

Nikangoja mtu aseme kitu, hata tusi. Wakaanza kuongelea bei ya maziwa ya kopo. Mtoto akapimwa, kilo nane na nusu, ameongezeka vizuri. Kwa kawaida ningelitangazia benchi. Siku ile nilimwambia yeye mwenyewe, sikioni.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda dukani, nikamlaza mtoto kwenye boksi la karatasi, nikafungua ukurasa. Kioo cha mteja nilikigeuza kielekee mlangoni, makusudi. Nilichagua vioo vyote vionyeshe kitu kimoja. Mwenye kusoma asome. Kijana wa watu akaingia kuchukua ratiba ya msiba wa shangazi yake, akasimama, macho kwenye kioo.

"Dada, hii ni yangu?"

"Hapana. Hiyo ni ya kwangu."

Akasoma mpaka mwisho, akasema, "Mbele ya 'taarifa zangu' umesahau nukta." Nikaiweka. Nikatoa nakala mbili, nikarudi kliniki siku hiyohiyo kabla hawajafunga, na sikwenda kwenye sanduku. Nilisimama mezani kwa nesi mkuu mpaka akatoa muhuri na kugonga IMEPOKELEWA kwenye nakala yangu. Ninayo mpaka leo, imekaa ndani ya kadi ya mtoto. Inasema hivi:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIOO CHA UKUTANI KUONYESHA TAARIFA ZA WAGONJWA*

*Mimi ni mama wa mtoto anayehudhuria kliniki hapa. Leo asubuhi kioo cha ukutani kilionyesha taarifa zangu. Watu wote waliokuwepo walizisoma. Kioo hicho kina tatizo hilo tangu kompyuta ilipojisasisha, na mapokezi waliambiwa na mimi mara mbili jinsi ya kulirekebisha. Badala yake kilifunikwa kwa kanga.*

*Naomba yafuatayo. Kwanza, kila asubuhi kabla ya kuita mtu, mhudumu asimame kwenye benchi aangalie kioo kinaonyesha nini, kwa sababu akiwa ndani hakioni. Pili, maelekezo ya vitufe viwili niliyoambatanisha yabandikwe mezani kwake. Tatu, nakiri niliingia mapokezi bila ruhusa na kugusa kompyuta. Kama kuna adhabu nipewe kwa maandishi.*

*Nne, naomba taarifa ya mtoto wangu irekebishwe. Baba yake anajulikana. Jina lake nimeliandika nyuma ya barua hii kwa mkono wangu. Kama mfumo una sehemu ya kuandika kwamba hayupo, aandikwe hayupo. Kama hauna, liandikwe jina peke yake, na mkiniuliza yuko wapi, nitajibu sijui.*