Shefu Alipima Damu ya Muzee kwa Kipimo cha Maziwa

Bado nasikia ule mlio: tii!

Leo Papa Bahati alileta maziwa kwenye maabara yetu ya kupima maziwa, mtaani Himbi. Ni mfugaji aliyekimbia waasi Masisi, sasa anaishi kambini Kanyaruchinya.

Shefu, mkuu wetu wa maabara, alipima maziwa mbele ya wageni waliokuja kuona kipimo chake kipya. Tii! Asidi ya laktiki iko juu.

"Muzee, umetuletea maziwa yaliyochacha!"

Kisha akamtoboa kidole, kuwaonyesha wageni kwamba kipimo kinasoma damu pia.

Tii! Juu tena.

"Mnaona? Hata mwenyewe amechacha!"

Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka. (Niambieni, nyinyi mngenyamaza?)

Papa Bahati naye alicheka, kwa adabu, huku akitafuta ukuta wa kushika.

Hapo nikaacha kucheka. Alikuwa ameketi akitusubiri tangu asubuhi. Mtu aliyepumzika akiwa na asidi nyingi hivyo, mwili wake unakosa hewa.

"Shefu, huyu ni mugonjwa."

"Mademoiselle, tumalize kwanza na wageni."

Naandika nikiwa hospitali; sikusubiri, nilichukua kipimo nikamleta. Papa Bahati amewekewa oksijeni, bado anahema.

Shefu anapiga simu, anataka kipimo chake.

Nimeshawapa wauguzi.