Viti vya Kikundi cha Mazishi kwenye Harusi ya Igoki

Nitawaambia, lakini msinicheke sana, kwa sababu hii aibu nimeibeba mwaka wa tatu sasa na kusema kweli nimechoka nayo. Kuna familia nzima kule Meru ambayo nikiingia kwao tu, watu wanashika kiti kwanza, wanakitikisa, ndipo wanakaa. Hawafanyi kwa ubaya. Wanafanya tu, vile mtu aliyewahi kuumwa na mbwa anavyopita karibu na geti. Na mimi naona, nakunywa chai yangu.

Mimi ni Wawira, karani katika ofisi moja hapa Embu, naishi mtaa wa Dallas hapa hapa mjini, lakini nyumbani kwetu ni Gachoka. Mimi ndiye kifungua mimba, na wenzangu mliozaliwa wa kwanza mtanielewa: kitu chochote kikienda mrama kwa familia unahisi ni wewe utakayeulizwa, hata kama hukuwa hapo. Basi mdogo wangu Igoki alipopata mchumba, Mwiti, kijana mpole wa Meru mjini, wa familia yenye maduka na heshima zake, mimi ndiye niliyekosa usingizi kuliko bibi harusi. Siku wakwe walipokuja kwetu mara ya kwanza, mama yake Mwiti alitazama nyumba yetu kuanzia mabati mpaka sakafu, akakaa, akajipepea na leso, akasema, "Huku kuna joto." Hayo tu. Mtu mwingine angesikia habari ya hali ya hewa, lakini mimi nilikaa na hilo neno miezi minne nikiligeuza kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharagwe.

Pesa ya harusi ilikuwa kidogo, kila mtu alijua, na hakuna aliyelalamika. Tulipewa ukumbi wa kijamii pale Gachoka, na viti tukaazimwa bure na kikundi cha akina mama ambacho mama yetu ni mwanachama. Hapo ndipo kwenye shida. Kikundi chenyewe ni cha kusaidiana wakati wa misiba, kinaitwa Tutaonana (msiniulize nani alichagua hilo jina, nimeuliza, hakuna anayekubali), na viti vyake ni vya plastiki, vingine vya kijani, vingine vya buluu, vingine rangi ambayo jua limekula mpaka haina jina. Vilivyopasuka vimeshonwa kwa waya. Na kwa sababu viti huibwa sana kwenye matanga, wamevipiga rangi nyekundu mahali pa kuegemea, mbele na nyuma, herufi kubwa: TUTAONANA. KIKUNDI CHA MAZISHI.

Nilimpigia Igoki simu siku hiyo hiyo. Nikamwambia wakwe hawawezi kukalia hivyo vitu.

"Dada, wacha tu," akaniambia. "Watu watavikalia, hawatavisoma."

"Igoki, vimeandikwa mazishi."

"Na wewe umechoka, hata kwa simu nasikia. Viache hivyo. Tafadhali."

Ningemsikiliza, leo ningekuwa na mambo mengine ya kuwaambia. Lakini mimi huyo, wiki iliyofuata ofisi ikanituma Meru, nikamaliza kazi mapema, nikapitia mtaa wa Majengo kwa duka la vitambaa karibu na msikiti. Nikaona kitambaa cheupe kinang'aa, kilaini, bei ya kuchekesha. Mwenye duka, mzee mmoja wa kofia na miwani, akaniuliza, "Unashona nini, binti yangu?"

"Vifuniko vya viti, mzee. Vya harusi."

"Basi si hiki. Hiki ni bitana, kitambaa cha ndani ya koti. Mtu akikikalia atateleza. Chukua ile pamba kule."

Mimi nikajiambia, huyu anataka kuniuzia cha bei. (Mzee wa watu, alikuwa ananiambia ukweli mtupu, na nimepita hapo mara mbili nikitaka kumwambia hivyo, nikashindwa kuingia.) Nikamwambia akate hicho hicho. Akakata polepole, akakunja, akasema, "Haya, Mungu awape heri," kwa sauti ya mtu aliyeshasema lake.

Kufika nyumbani, kupima, kitambaa hakitoshi. Kufunika kila kiti peke yake kungemaliza kitambaa kabla ya kufika nusu ya ukumbi. Sasa mtu mwenye akili angerudi kwa ule ushauri wa Igoki, lakini mimi nikapata wazo, na naomba mjue kwamba wakati ule nililiona ni wazo zuri sana: badala ya kifuniko kwa kila kiti, nishone shuka moja refu linalofunika safu nzima, kutoka kiti cha kwanza mpaka cha mwisho, halafu ili viti visiachane na kitambaa kisining'inie katikati, nifunge miguu ya kila kiti na ya jirani yake kwa utepe. Nilishona wiki mbili kwa cherehani ya mama, kila jioni nikitoka kazini, mpaka shingo ikawa haigeuki.

Jumamosi asubuhi nilivitandika mwenyewe. Jamani, vilipendeza. Nilisimama mlangoni nikaona safu nyeupe tupu, utepe wa dhahabu chini, hakuna kijani, hakuna waya, hakuna mazishi, na machozi yakanitoka. Mama akapita na sufuria ya mukimo, akatazama, akasema tu, "Sasa mtu akitaka kusogeza kiti chake?" Nikamwambia hakuna mtu atasogeza kiti.

Wakwe walipofika kutoka kanisani niliwakaribisha safu ya mbele, viti kumi na kimoja. Mama Mwiti katikati, na mwisho kabisa, upande wa njia, mjomba wake Mwiti, Mzee Kirimi, ndiye aliyekuwa msemaji wao, mtu mnene mwenye goti linalomsumbua. Dakika kumi za kwanza nikaanza kuona jambo. Watu walikuwa hawakai, walikuwa wanajizuia. Kila mtu amekaza miguu chini kama anayeshuka mlima, kisha taratibu anateleza mbele, anajivuta nyuma, anateleza tena. Mama Mwiti alikuwa amekaa wima kabisa, mkoba kifuani, uso wa mtu aliye kwenye mtihani. Nikajiambia ni heshima hiyo.

Kisha mchungaji akasema tusimame tuombee chakula.

Wakasimama wote. Mzee Kirimi, akitafuta nafasi ya kunyoosha goti, akasukuma kiti chake nyuma kwa mguu. Kingekuwa kiti cha kawaida, kingesogea chenyewe. Lakini nilikuwa nimekifunga kwa jirani yake, na jirani kwa jirani yake, na viti vya plastiki visivyo na mtu havina uzito wowote juu ya sakafu iliyopigwa polishi, basi safu yote ikazunguka polepole kama mlango unaofunguka. Mimi nilikuwa nimesimama kando, macho wazi (mwenye kuandaa hafungi macho hata kwenye maombi), nikaona yote. Nilitaka kupiga kelele. Lakini utapigaje kelele katikati ya maombi? Nikasema moyoni, Mungu wangu, mchungaji aendelee tu, asimalize.

Mchungaji akamaliza. "Amina."

Watu kumi na mmoja wakakaa. Watatu wa upande wa mbali walipata viti. Watatu wa mwisho, Mzee Kirimi akiwemo, walikaa hewani moja kwa moja mpaka chini. Wale wa katikati walipata ukingo wa kiti, na ukingo ulikuwa wa bitana, basi nao wakateremka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akishika kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa shuka langu. Likavutwa lote. Pini nilizolibania zikaruka. Na pale mbele ya ukumbi mzima, mbele ya bibi na bwana harusi na mpiga picha, vikabaki viti vya rangi zote, vimefungwa pamoja kwa utepe wa dhahabu, vimeandikwa TUTAONANA, KIKUNDI CHA MAZISHI, mara kumi na moja.

Mzee Kirimi, akiwa bado sakafuni, aligeuka akasoma taratibu, kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kwani sisi tumeletwa harusi ama tumeletwa wapi?"

Hapo ndipo ningetulia. Lakini miguu yangu ikaenda yenyewe mpaka kwa maiki, nikaishika, nikasema, "Samahani sana wageni wetu, hivyo viti si vyetu, tumeviazima kwa matanga." Nikasikia watu wanavuta pumzi. Nikaona nirekebishe. "Lakini ni visafi kabisa, vilitumika Jumanne tu." Mama yangu ndiye aliyekuja kuninyang'anya ile maiki, sijui angeniacha ningefika wapi.

Mama Mwiti aliinuliwa akiwa ameshika kifundo cha mkono. Alikuwa ameanguka na mkono chini. Wakampeleka zahanati na gari la bwana harusi, lile lenye maua na baluni, na Igoki, na shela yake, akaenda naye. Alipopita karibu nami alinitazama tu, si kwa hasira, bali vile unavyomtazama mtu ambaye ulimwomba kitu kimoja tu maishani. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilipiga magoti pale, nikaanza kufungua utepe mguu baada ya mguu, na nilikuwa nimefunga mafundo mawili mawili, kwa hivyo nilikaa huko chini muda mrefu huku watu wakipita na sahani juu ya kichwa changu.

Walirudi baada ya saa moja hivi. Mkono haukuvunjika, uliteguka, ukafungwa bandeji. Mama Mwiti akachagua mwenyewe kiti kimoja kitupu cha kijani, akakisukuma, akakitikisa, akakaa, kisha akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiye ulifunga hivi viti?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini nilipofungua mdomo likatoka lile la kweli. "Nilitaka mtuone watu wa maana."

"Mimi nilizaliwa Nkubu kwa nyumba ya nyasi," akasema. "Hivi viti ningevijua wapi kama ni vibaya? Siku hiyo nilikuja kwenu nilikuwa nasikia joto tu, sijui ulifikiria nini." (Kwa hivyo alikuwa ameona uso wangu siku ile, na akaukumbuka miezi yote hiyo.) Kisha akasukuma sahani kwangu. "Sasa mkono wa kulia umeuharibu wewe. Nikatie hiyo nyama."

Nikamkatia nyama, kipande kwa kipande, mbele ya ukumbi wote, mimi na nguo yangu ya harusi yenye vumbi magotini, na yeye akila kwa mkono wa kushoto bila haraka yoyote. Kipande kimoja kikiwa kikubwa ananirudishia. Baadaye akaniuliza kama mimi nimekula, nikakumbuka sijaonja kitu tangu jana yake. Akanipa mfupa.

Igoki alikaa mwezi mzima kabla ya kunipigia simu, na alipopiga alizungumzia mambo ya bima ya mama, si harusi, nami nikashukuru. Mpaka leo hatujaizungumzia. Najua tutaizungumzia siku moja, lakini si mimi nitakayeianzisha.

Ninachowaambia ni hiki: kitu kikiwa kibaya na kinafanya kazi yake, kiacheni. Mimi nimeapa. Juzi binamu yangu amenipigia, anaoa Desemba, anataka nisimamie mapambo kwa sababu "wewe dada una jicho." Nikamwambia aniandike upande wa kumenya viazi. Akadhani nacheza. Nikamwambia hata yawe magunia mangapi ni sawa, mradi nikae nyuma ya jikoni, juu ya jiwe.