Mama Alipokataa Mazoezi

Wiki nzima nilikuwa Kakuma, nikifanya kazi yangu ya fizio, nikikunja na kunyoosha magoti ya watu kwenye kliniki ya kambi ya wakimbizi. Ijumaa jioni nilirudi nyumbani Lodwar nimechoka sana. Hapo kazi ilianza upya, maana mama alikuwa amepata kiharusi na upande wake wa kulia ukalegea.

Asubuhi nilimketisha kivulini. "Egemea mbele, mama. Kanyaga kwa miguu yote miwili, halafu inuka."

Aliinuka nusu, akaketi tena kwa kishindo. Nikamwekea bakuli mbili ili ahamishe maharagwe moja moja kwa mkono ule mgonjwa, vidole vizoee tena kushika. Alihamisha machache, kisha akayamwaga yote mchangani.

"Tena," nikasema, kwa sauti ile ile ya kliniki.

"Sitaki." Tangu augue maneno yalimtoka kwa shida, lakini hayo yalitoka wazi. "Kila wiki anakuja daktari. Mtoto wangu anakuja lini?"

Nilipiga magoti nikaokota maharagwe. Nilitaka kulia, ila hata kulia kulihitaji nguvu.

Jumatatu, kabla ya kupanda gari la Kakuma, nilipitia hospitalini kwa mwenzangu tuliyesoma naye, nikamwomba amfanyishe mama mazoezi.

"Si wewe mwenyewe ni fizio?"

"Kwa huyu nimeshindwa," nikamwambia.

Kwake mama alitii. Alijifunza kusimama akishikilia meza, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha kupiga hatua akitanguliza kisigino. Mimi nikirudi nilipika chai, nikampaka mafuta miguuni, tukasikiliza redio. Mara nyingine usingizi ulinichukua mkekani chai ikiwa bado moto, naye hakuniamsha.

Sasa anakwenda chooni mwenyewe kwa fimbo, ingawa mguu bado anauburura. Mkono haujarudi. Alikuwa msusi wa vikapu, na majani ya mkoma aliyoyakausha kabla ya kuugua yalikaa pembeni ya nyumba muda mrefu. Jumamosi iliyopita alisema jirani apewe majani hayo, ayasuke yeye. Nikayafunga kwa kamba, yeye akashikilia fundo kwa kidole cha mkono ulio mzima.