Mkono Uliogoma Kuchambua Maharage

Kiharusi kilipolegeza mkono wangu wa kulia, niliacha hata kwenda kanisani. Kwetu Maretadu mkubwa hapewi mkono wa kushoto. Mtaalamu wa mazoezi akaniagiza nikae nyumbani nichambue maharage kwa mkono mgonjwa. Kukaa nyumbani sikuhitaji kufundishwa. Siku ya kwanza, kufika saa sita nilikuwa nimemaliza debe zima, najisifu.

Mke wangu akachungulia. "Baba, mgonjwa ni wa kulia. Mbona kibarua kinafanywa na wa kushoto?"

Akaufunga wa kushoto kwa kanga. Kutoka hapo hadi jioni sikujaza hata kikombe.

Wiki nyingi baadaye shangazi alikuja. "Shikamoo," nikasema, nikamshika kwa mkono wa kulia.

"Marahaba. Haya, sasa niachie."

Kuachia ndiko kulikonishinda. Mke wangu akanibandua vidole, kimoja kimoja, huku yeye na shangazi wakicheka. Jumapili nikaenda kanisani.