Namba ya Kipande Mgongoni mwa Gitaa

Kosa langu kubwa la mwanzo nililifanya kwa msasa. Nilisugua mgongo wa gitaa la umeme alilonipa nilitengeneze bibi mmoja wa Old Korogwe mpaka ukang'aa kama kipara cha mwanasiasa.

Ufundi nilijifunza kwenye simu, nyumbani Handeni, kwa video za wazungu wanaotokwa machozi juu ya magitaa ya zamani. Baadaye niligundua kwamba walionya kuhusu kufuta alama, ila bando langu liliisha kabla ya hapo. Mimi niliona doa, na doa likiwepo silali.

Siku ya pili bibi akanipigia simu. Gitaa lile alilichonga marehemu mumewe, seremala wa shamba la mkonge, kwa mbao ya mvule, ili bendi ya wafanyakazi ipige dansi. Waya wa kunasia sauti aliutoa kwenye dinamo ya baiskeli. Wajukuu hawakuamini, walisema liliachwa na Mgiriki mwenye shamba. Ushahidi wa bibi ulikuwa mmoja: namba ya kipande, ile kadi ya kazi ya mumewe shambani, aliyoichoma mgongoni kwa msumari wa moto. Kumbe ndiyo lile doa langu. Akaniomba niwaoneshe wajukuu wakija kulichukua.

Nakiri kwamba nilipasha msumari. Ningeighushi vizuri kuliko ya awali, tena kwa rula. Kilichonizuia si dhamiri. Sikukumbuka kama ilianza na sita au tisa. Nikalibeba gitaa hadi Korogwe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umelileta mwenyewe, limekupiga shoti?"

Nikamwambia yote, hata bando lililoisha. Akaligeuza, akapapasa mgongo.

"Umeng'arisha kweli," akasema. "Sasa limekuwa la Mgiriki."

Nikamwomba anitajie namba niichome upya.

"Mkono wako si wake. Fungua hilo bati linalofunika waya, andika ndani nani alilitengeneza na nani alimfuta. Jina lako kamili, fundi uliyefundishwa na simu."

Niliandika mara tatu, kwa sababu mistari miwili ya kwanza ilipinda. Wajukuu walipokuja walisoma wakanicheka hadi wakakaa chini. Kisha mmoja akasema hakuna mtu angejiaibisha hivyo kwa uongo, na tangu hapo hawakumbishia bibi tena kuhusu babu yao.

Siku hizi kila gitaa linaloingia kwangu nalipiga picha mgongoni kabla ya kupangusa hata vumbi, na nisichokielewa nauliza.