Pindo la Mama Zaituni

Miaka ya vita, Mama Zaituni wa Kindu alificha kila kitu cha thamani ndani ya pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, akalishona mistari mitatu, na hakuna askari aliyewahi kugundua. Basi juzi, alipokuwa akienda mji wa Kama kuwauzia wachimba dhahabu sabuni, binti yake Sofia alimpa karatasi ya anwani ya bitkoini, zile pesa za mtandaoni. "Hii njo ya kupokelea tu, mama. Maneno ya siri ya kufungulia yanabaki nyumbani." Mama akaitikia, akachukua sindano. Mistari mitatu!

Huko Kama, mchimba dhahabu mmoja, Papa Okito, akanunua katoni nzima, akatoa simu. "Mama, anwani yako iko wapi?"

"Iko… huku chini."

Wembe ukatafutwa. Wanawake wawili wakamzungushia kikwembe kingine kama pazia, naye humo ndani akifumua na kuutukana uzi wake mwenyewe. Soko zima likavunjika mbavu. Papa Okito akageuka kwa heshima, mabega yakimtikisika.

Alipokwisha kulipwa, Mama akampigia Sofia simu, roho juu. "Watu wote wameiona!"

"Waache waione, mama. Kwa anwani ile muntu anaweza kuweka, hawezi kutoa."

Mama Zaituni akacheka mpaka akakaa chini juu ya sabuni.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha askari, alifika akicheza, karatasi ameibana kwa pini mbele ya kilemba.

"Leo musinipekue, wanangu," akasema. "Someni!"