Honi ya chai katikati ya Chicago

Watu wangu wa Al Mansoura, Doha, leo tumewaaibisha huku Marekani!

Mimi na mume wangu Kevo tumekuja kutembea Chicago, mara yetu ya kwanza. Hizo ghorofa! Nimeangalia juu mpaka shingo inauma.

Baridi ikatubana. Kevo akaegesha gari la kukodi nje ya mkahawa na, kama kawaida yetu Doha, akapiga honi tuletewe chai garini.

(Msinicheke. Hata wewe ungepiga.)

Hakuna aliyetoka.

Akapiga tena. Mkahawa mzima ukatukodolea macho!

"Kevo, wacha! Polisi watakuja!"

Mara mhudumu akatoka mbio na trei, anacheka. Mkenya mwenzetu!

"Mmetoka Doha, si ndio? Nilikuwa nawapelekea watu chai kwenye magari huko. Nikisikia honi, miguu inaenda yenyewe!"